Tangi la samaki kwenye kaunta ya jikoni: dalili na vyanzo vyake

Nyumba nyingi za kupanga Kisumu na Nakuru hazina nafasi ya ziada. Kochi likishaingia sebuleni, na kabati la televisheni, na meza, tangi la samaki linakosa pa kukaa isipokuwa juu ya kaunta ya jikoni, kati ya sinki na jiko la gesi. Mimi sipingi. Jikoni ndiko watu hupita kutwa nzima, na samaki wanaotazamwa kila mara hutunzwa vizuri. Ila jikoni pana maji ya kurushwa, mafuta yanayopaa, joto la ghafla na soketi zilizo karibu na maji. Tangi likianza matatizo, mwenyewe hukimbilia dukani kununua dawa ya samaki kabla hajatazama pale lilipokaa. Nakusihi uanze na mahali lilipo, kisha uangalie saa ambayo tatizo hutokea. Mambo hayo mawili yatakuonyesha chanzo mara nyingi kuliko chupa yoyote ya dawa.

Nimeanza na yanayoweza kuumiza mtu, yakafuata yanayovunja tangi, kisha yanayoua samaki.

Ukigusa maji unahisi ganzi au mchomo vidoleni

Huo ni umeme unaovuja. Toa mkono, usishike kitu kingine chochote cha tangi, nenda moja kwa moja kwenye swichi kuu ya nyumba uzime. Ndipo uchomoe plagi za hita, pampu na taa. Umeme wetu ni volti 240, na mtu aliyesimama miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, mkono ukiwa ndani ya maji, hana kinga yoyote.

Chanzo cha kawaida ni hita ya kioo iliyopata ufa, au waya uliochubuka au kutafunwa na panya nyuma ya kaunta. Hita hupata ufa hasa siku ya kubadilisha maji: mtu anapunguza maji, hita inabaki hewani ikiwa inawaka, halafu maji baridi yanamwagwa juu yake. Izime, subiri kama dakika 20, ndipo uanze kupunguza maji. Kifaa chenye hitilafu hakifungwi kwa selotepu, kinatupwa. Ili kujua ni kipi kibovu, mwite fundi wa umeme aje na mita.

Ipo swichi ya usalama ambayo mafundi huiita ELCB. Kazi yake ni kukata umeme papo hapo unapovuja kwa kiwango cha hatari, na ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze. Umeme usipokatika, au ukigundua nyumba haina swichi hiyo kabisa, zungumza na mwenye nyumba kabla hujarudisha vifaa vya tangi kwenye umeme.

Soketi za jikoni zina tatizo lao la pekee. Hukaa ukutani, kimo cha kiganja au viwili juu ya kaunta, wakati mdomo wa tangi uko juu zaidi. Kwa hiyo waya wa pampu hutoka juu ya tangi ukashuka moja kwa moja hadi kwenye soketi, na tone lolote linalotambaa juu ya waya huingia ndani ya plagi. Acha waya ushuke kwanza hadi chini ya usawa wa soketi, ufanye tumbo pale chini, kisha upande kwenda kwenye soketi. Tone litaanguka kutoka kwenye lile tumbo. Waya ukiwa mfupi mno usiunganishe ekstensheni na kuilaza kaunta ilipo na maji; sogeza tangi, au tafuta soketi nyingine.

Tangi linayumba, au karatasi inapita chini ya kona

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo wengi huliona dogo, hubeba lita 54. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo cha milimita 6, kama kilo 11, na changarawe kilo 8 au 10, nawe unakaribia kilo 75. Ni gunia la mahindi la kilo 90 ambalo halijajazwa vizuri, limewekwa kwenye kaunta yako na kuachwa hapo miaka.

Kaunta ya slabu ya saruji iliyomwagwa juu ya kuta za tofali, kama zilizo katika nyumba nyingi za zamani Kisumu, Kakamega na Bungoma, hubeba uzito huo bila shida. Shida yake ni usawa. Vigae huwekwa kwa mkono, na hutokea kimoja kikawa juu ya mwenzake kwa unene wa sarafu. Mtu hakuoni kutofautiana huko, lakini kioo hakipindi. Kinabebwa na sehemu mbili tatu tu, na mkazo unaenda kwenye kona na kwenye silikoni. Tangi la namna hii linaweza kukaa miezi mingi likionekana zima, halafu siku moja kioo cha chini kipate ufa kutoka kona hadi katikati.

Fundi wa vioo mmoja niliyemtazama Nakuru akipachika tangi alianza kwa kugonga vigae kimoja kimoja kwa ncha ya ufunguo. Kimoja kililia mlio mtupu. Akakikwepa, akasogeza tangi upana wa kiganja kuelekea kulia, pale ukuta wa chini ulipokuwa ukipita. Baada ya hapo akalaza pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Hapo kwenye mshazari ndipo wengi husahau.

Kama tangi tayari limejaa maji, una kipimo bora kuliko pima maji: maji yenyewe. Chukua rula, pima kutoka usoni mwa maji hadi ukingo wa juu wa kioo kwenye kona zote nne. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine kwa milimita moja au mbili kwenye tangi la sentimita 60, huo ni mteremko mdogo, uufuatilie tu. Ikizidi tatu, punguza maji na urekebishe. Halafu jaribu kupenyeza karatasi ya daftari chini ya kila kona. Karatasi ikipita chini ya kona moja na ikakwama kwenye tatu, kaunta yenyewe imepinda au kigae kimeinuka, na hilo ni baya kuliko mteremko.

Usiingize kipande cha kadibodi au cha mbao chini ya kona inayoelea. Utakuwa umeusukuma uzito wote kwenye hicho kipande. Toa maji yote, weka ubao wa plaiwudi wa milimita 18 unaozidi tangi kidogo pande zote, kama ni lazima inua ubao huo na si kioo, kisha juu yake tandika sponji ngumu ya milimita 5 hadi 10. Mkeka wa mazoezi uliokatwa unafaa sana. Hii ni kwa tangi lenye kioo tupu chini. Matangi yenye fremu ya plastiki hubebwa na fremu hiyo, na mtengenezaji hataki sponji chini yake, kwa sababu inaweza kusukuma kioo cha chini kutoka katikati.

Wakazi wa Nakuru wana sababu ya ziada ya kurudia kipimo, hasa baada ya mvua kubwa. Mji uko ndani ya Bonde la Ufa, na yapo maeneo ambayo ardhi hufunguka nyufa msimu wa masika. Tetemeko la Subukia la Januari 1928, lililotokea kaskazini mwa Nakuru, ni miongoni mwa makubwa yaliyorekodiwa nchini. Sisemi uishi kwa hofu. Nasema tangi lisikae likichungulia ukingo wa kaunta. Acha nafasi ya kutosha mbele, na sentimita mbili tatu kati yake na ukuta.

Droo iliyokuwa ikifunguka vizuri sasa inakwama

Hapa kaunta si slabu. Ni kabati la chipubodi au MDF lililofunikwa kwa graniti au ubao wa kung'aa, kama yalivyo ya jikoni katika nyumba nyingi mpya. Droo ikianza kukwama, mlango wa kabati ukisugua mwenzake, au mstari mweupe kati ya vigae ukipata ufa, kabati linashuka taratibu. Usisubiri. Punguza maji hadi theluthi moja siku hiyo hiyo.

Inama utazame chini. Je, tangi liko juu ya ubao wa kusimama wa kabati, au juu ya uwazi? Uwazi wa mashine ya kufulia, uwazi wa mtungi wa gesi, na ile sehemu ya kaunta inayotokeza nje ili watu wakae na viti virefu, zote hazifai. Graniti nayo ni ngumu lakini haipindi kabla ya kuvunjika, na pale ilipokatwa tundu la sinki hubaki vipande vyembamba mbele na nyuma. Usiweke tangi hapo hata kama ndipo linapopendeza. Kisha gusa miguu ya kabati na ubao wa chini kabisa. Chipubodi iliyonywa maji hufura, hulainika, na ukiibonyeza kwa ukucha unaacha alama. Ikishafika hapo hairudi. Hamisha tangi.

Kwa kabati zuri, kavu, lenye ubao wa kusimama kila baada ya sentimita 50 au 60, mimi huishia kwenye lita 40. Kwa slabu ya saruji, lita 60. Zaidi ya hapo tafuta stendi ya chuma sakafuni.

Kaunta ina maji, nawe hujui yanakotoka

Dada mmoja wa Kisumu alinipigia asubuhi: "Kaka, tangi linavuja, naona nilitupe tu." Halikuwa linavuja. Watu wengi hutupa matangi mazima kwa sababu ya maji ambayo hayakupitia kwenye ufa wowote.

Kausha kaunta kabisa. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo sawasawa na usawa wa maji. Halafu zungusha vipande vya gazeti kwenye pande zote nne za chini za tangi, vikiingia kidogo chini. Lala. Asubuhi soma gazeti na selotepu pamoja.

Maji yameshuka lakini gazeti ni kavu: ni uvukizi tu. Kisumu, na joto lake la mchana la karibu nyuzi 30, tangi lisilo na kifuniko hupungua kwa kuonekana kila siku. Ongeza maji, weka kifuniko.

Gazeti limelowa na maji hayajashuka: hayavuji kutoka ndani ya tangi. Angalia kwanza upande wa sinki. Kama gazeti la upande huo ndilo lililolowa, ni maji ya kuosha vyombo yanayotambaa juu ya vigae na kujificha chini ya sponji. Kama ni pande zote, ni mvuke. Nakuru asubuhi za Julai, nyumba ikiwa baridi na maji ya tangi yako nyuzi 25, mvuke huganda chini ya kifuniko, na kifuniko kikizidi ukingo wa kioo matone hushukia nje. Hata sufuria ya githeri ikichemka saa nzima kando ya tangi ulilolijaza maji baridi hutoa jasho kwenye kioo. Tiba ni kukata kifuniko kiingie ndani ya ukingo, na kufungua dirisha wakati wa kupika.

Gazeti limelowa na maji yameshuka: sasa kuna njia ya maji. Fuata kila waya na kila mpira kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji hupanda ukingo wa tangi kwa kutambaa juu ya waya na kushuka upande wa pili. Uliza pia kama stima ilipotea usiku. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji, ikizimika, huacha maji yarudi kwenye mpira na kumwagika kaunta nzima kupitia kwenye pampu. Iweke juu ya usawa wa maji, au fungia kwenye mpira vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Puliza kwa mdomo kabla ya kuifunga ujue hewa inapita upande gani, maana ikifungwa kinyume haipitishi hewa kabisa.

Kama umefuta hayo yote na bado maji yanashuka, basi ni ufa au silikoni. Acha yashuke yenyewe huku samaki wako kwenye ndoo. Yakisimama mahali fulani, tundu liko kwenye mstari huo huo, na umeokoa kazi ya kulitafuta. Kiungo kilichoachia hakizibwi kwa kupaka silikoni mpya juu ya kuukuu; mpya haishiki kwenye iliyokwisha kukauka. Kwangua yote ya ndani kwa wembe, safisha kwa spiriti, paka upya, uache siku mbili au zaidi hadi harufu ya siki iishe. Mwenye duka akikupa silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, irudishe. Dawa iliyomo huua samaki.

Samaki wanapanda juu kuhema

Angalia saa.

Ikiwa ni alfajiri, kabla ya kucha, hewa imepungua majini. Mimea hutumia oksijeni usiku kama samaki wenyewe, na stima ikipotea saa nane usiku pampu imekaa kimya kwa muda wa saa nne. Pampu ndogo ya betri haina bei kubwa na inafaa kukaa droo ya pili. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe mara moja chujio la kopo, lile linalokaa nje ya tangi likiwa limefungwa. Vijidudu vyema vilivyomo vimekosa hewa na vingine vimekufa. Suuza sponji yake kwanza kwenye ndoo ya maji yaliyochotwa tangini.

Ikiwa ni jioni, saa moja au mbili, chakula kinapopikwa, tazama uso wa maji ukiwa umeinama, taa ikiakisi. Utaona ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua. Ni mafuta ya kukaangia, yaliyopaa na mvuke yakatua. Ukikaanga omena au mbuta mara nyingi, yanajaa haraka. Ngozi hiyo huzuia hewa kuingia majini. Laza karatasi ya tishu juu ya maji, inue, tupa, rudia. Kisha elekeza mdomo wa chujio juu ili uso wa maji utikisike. Dawa ya kudumu ni umbali: mita moja kamili kutoka kwenye jiko, na kifuniko. Jiko la makaa lisitumike kabisa ndani ya jikoni iliyofungwa, kwa ajili ya watu kwanza.

Ikiwa ni mara baada ya kubadilisha maji, ni klorini ya maji ya mfereji. Dawa ya kuondoa klorini inauzwa kwa matone. Bila hiyo, acha maji kwenye ndoo wazi saa 24 na pampu ikipuliza. Njia hii huondoa klorini ya kawaida tu.

Samaki wakikimbia ovyo, wakizunguka kama waliolewa, kisha wakalala ubavu, uliza nani amepuliza dawa ya mende. Dawa nyingi za kupulizia zina jamii ya pairethroidi, sumu kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta chumbani na kuipuliza majini. Zima pampu, fungua madirisha, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, kisha urudishe hewa ikivutwa kutoka chumba kingine. Jikoni penye tangi, mende washughulikiwe kwa dawa ya kubandika ya jeli.

Na tangi likiwa halijamaliza wiki sita, samaki wakihema saa zote, hilo ni suala la amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki: chujio halijapata vijidudu vyema vya kuiondoa. Punguza chakula, badilisha robo ya maji mara kwa mara, usiongeze samaki.

Mengine madogo

Maji ya kijani ni jua la dirisha la jikoni. Taa iwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku, pazia, basi.

Samaki wanaojikunyata chini asubuhi Nakuru wana baridi. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wa baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hita ya wati 50 inatosha tangi la lita 54. Kisumu wengi huishi bila hita.

Wadudu wa ziwani wakija kwa wingi usiku, wakaangukia majini, samaki watakula. Watakaobaki wataoza. Watoe kwa wavu asubuhi.

Ukifuga fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, jua kwamba madume huchimba. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, changarawe imwagwe baadaye, la sivyo watachimba chini ya jiwe na liangukie kioo.

Vifaa vya tangi visioshwe kwenye sinki la vyombo. Maji ya samaki yanaweza kubeba salmonela, na kuna bakteria wanaoingia kupitia kidonda cha mkono na kuleta vipele visivyopona haraka. Tenga ndoo yenye rangi yake, isiyowahi kuguswa na sabuni. Maji machafu yamwagie sukuma wiki, kwenye udongo, ila kama uliweka dawa.

Ukilazimika kulihamisha

Usibebe tangi lenye maji, hata robo. Uzito wa maji huvuta viungo na silikoni huachia baadaye, wakati umeshasahau. Zima umeme, samaki waingie ndoo yenye maji yao wenyewe na kifuniko, sponji ya chujio ikae humo humo isikauke. Toa mawe, kisha changarawe. Watu wawili washike kioo cha chini, si ukingo wa juu. Likishakaa pahali papya jaza theluthi, pima kona nne, jaza nusu, pima tena, na vipande vya gazeti virudi chini usiku wa kwanza.